Simu Imechomekwa, Kompyuta Haina Intaneti

Maswali ya wasomaji, majibu ya mafundi

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinagusa jambo moja: kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya Wi-Fi, inayotegemea intaneti ya simu kwa waya wa USB. Mwenye laptopu akiwasha hotspoti kazi imekwisha. Mwenye kompyuta ya mezani iliyokwishatumika Ulaya hana bahati hiyo, maana nyingi huja na tundu la waya wa mtandao tu. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili usipotee ukiwa mbele ya mashine.

Shikamooni mafundi. Nina steshenari Majengo, Moshi. Kompyuta yangu ni ya mezani, Windows 10. Msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo wanafunzi hujaa kwangu, nami huwahudumia kwa intaneti ya simu kwa waya. Tangu niwekewe Windows upya, simu inachaji tu, intaneti haiji. Naambiwa draiva ya simu haipo na inabidi nilipe itafutwe. Nimejaribu kuishusha mwenyewe, nikaangukia programu za kulipia. Nifanyeje?
*Mwenye steshenari, Majengo, Moshi*

Marahaba, dada. Usilipe kwanza. Draiva hiyo, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, haitafutwi mjini wala mtandaoni, imo ndani ya Windows yenyewe. Simu ya Android ukiiwashia "USB tethering" (tetharingi, yaani kuipa kompyuta intaneti ya simu kwa waya) huacha kujitambulisha kama simu. Mbele ya kompyuta inakuwa kadi ya mtandao, sawa na ile yenye tundu nyuma ya CPU. Huzungumza na kompyuta kwa utaratibu uitwao RNDIS, ambao Microsoft waliubuni wenyewe, na Windows 7, 8, 10 na 11 zote huja na draiva yake. Zile programu za kulipia zinazodai kutafuta draiva zitakuuzia kitu ulichonacho, na nyingine huingia na matangazo yasiyotoka. Kama umekwishaweka mojawapo, iondoe.

Kabla hujagusa draiva, ondoa shaka ya waya. Waya kamili wa USB una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina mbili za umeme tu. Simu itachaji vizuri kabisa, na kompyuta haitajua kama kuna simu. Jaribio lake ni hili: chomeka simu, shusha pazia la arifa, gusa arifa ya USB, chagua kuhamisha faili, kisha tazama kwenye kompyuta kama picha zako zinaonekana. Zikionekana, waya ni mzima. Kama hata arifa ya USB haikuja, tafuta waya mwingine, ikiwezekana ule uliokuja na simu, usiozidi mita moja.

La pili ni tundu. Tumia matundu ya nyuma ya CPU, yaliyoungwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Ya mbele hufika kwenye ubao kwa kipande cha waya cha ndani, na katika mashine zilizotumika sana kipande hicho huwa kimelegea au pini zimepinda. Usipitishe waya wa simu kwenye kigawanyaji cha USB.

La tatu ni mpangilio wa vitendo. Chomeka kwanza, ndipo uwashe "USB tethering". Swichi hiyo hujizima kila unapochomoa waya, kwa hiyo ni kazi ya kila siku. Kwenye simu nyingi iko ndani ya Settings, Network & internet, Hotspot & tethering. Kwa wenye simu iliyowekwa Kiswahili, tafuta penye maneno ya kusambaza mtandao.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, chagua Device Manager. Acha dirisha hilo wazi huku ukizima na kuwasha tetharingi kwenye simu. Orodha itajipangua mbele ya macho yako, na kilichoongezeka ndicho simu yako. Soma jina lake kwa makini, maana jina ndilo linalokuambia ugonjwa.

Chini ya Network adapters likitokea "Remote NDIS based Internet Sharing Device" au "Remote NDIS Compatible Device", draiva imekaa na tatizo liko kwingine. Kwenye baadhi ya simu mpya jina huwa "UsbNcm Host Device". Nayo ni sawa, ni utaratibu mpya zaidi wa kazi ileile.

Chini ya Other devices likitokea neno "RNDIS" lenye pembetatu ya njano, Windows imeona kifaa lakini haijakipa draiva. Ukikifungua utakuta "Code 28". Kwa maelezo yako, nadhani hapa ndipo ulipo. Fanya hivi:

1. Bofya kulia juu ya jina hilo, chagua "Update driver".
2. Chagua "Browse my computer for drivers". Usichague kutafuta mtandaoni, intaneti yenyewe ndiyo huna.
3. Bofya "Let me pick from a list of available drivers on my computer".
4. Kwenye aina za vifaa chagua "Network adapters", kisha Next. Orodha inaweza kuchukua nusu dakika kujaa. Isubiri.
5. Upande wa kushoto chagua "Microsoft", kulia tafuta "Remote NDIS based Internet Sharing Device". Kama haipo hapo, angalia kama kushoto kuna pia "Microsoft Corporation".
6. Windows itaonya kwamba haina uhakika kama draiva inafaa. Bofya Yes.

Ukimaliza, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Utaona kadi mpya, labda "Ethernet 2". Kisha fungua cmd, dirisha jeusi la kuandikia amri, na uandike ipconfig. Simu za Android za zamani huipa kompyuta anwani (namba yake kwenye mtandao) inayoanza na 192.168.42, mpya hubadilisha tarakimu. Ukiona 169.254, kadi ipo lakini simu haijaipa anwani: zima tetharingi, hesabu hadi kumi, washa tena.

Wapo pia watakaokuta simu imeandikwa "USB Serial Device" chini ya Ports. Windows 10 imeidhania kuwa modemu ya kizamani, kwa sababu baadhi ya vifaa vya RNDIS hujitangaza kwa namba za daraja zilezile za modemu. Tiba yake ni hiyohiyo ya kuchagua draiva kwa mkono. Lakini jina likiwa "Unknown USB Device" lenye "Code 43", acha draiva kabisa. Kompyuta imeshindwa hata kusoma simu inajiita nani, nayo mara nyingi ni waya, tundu la USB, au uchafu ndani ya tundu la kuchajia la simu. Vumbi la kiangazi hujisukuma humo kila unapochomeka, likawa kama kitambaa. Zima simu, litoe taratibu kwa kijiti chembamba cha mbao. Sindano usitumie.

Jambo moja lingine, kwa kuwa tatizo lilianza baada ya kuwekewa Windows. Kuna Windows zinazosambazwa kwa flashi zikiitwa nyepesi, zilizokatwakatwa ili ziende kwenye mashine dhaifu. Aliyezikata huenda alitupa na draiva za mtandao. Kama hatua ya 5 haikuonyesha Remote NDIS popote, hiyo ndiyo dalili. Dawa yake ni kuwekewa Windows kamili kutoka Microsoft, kwa flashi tupu ya GB 8 au zaidi, na mafaili ya wateja uyahifadhi kwanza. Hapo fundi anastahili malipo, kwa sababu ni kazi ya kweli.

Habari za kazi. Swichi ya USB tethering kwenye simu yangu imefifia, haibonyezeki. Waya nimebadilisha mara mbili.
*Msomaji, Ngaramtoni, Arusha*

Salama, ndugu. Angalia Data Saver, kwenye simu za Kiswahili Kiokoa Data. Ikiwa imewashwa, Android hukataza kusambaza mtandao kwa njia zote, hotspoti ikiwemo. Wengi huiwasha ili bando lidumu, kisha husahau. Izime, swichi itarudi. Kama imezimwa na bado swichi imefifia, rudia lile jaribio la picha tulilomweleza dada wa Majengo. Waya mbili mbovu zilizonunuliwa duka moja si ajabu.

Mafundi, nafundisha Usa River. Nina mashine ya zamani yenye Windows 7. Simu ikichomekwa kwenye tundu la bluu haionekani kabisa. Kwenye tundu jeusi inaonekana, lakini Device Manager inaandika Code 10. Siku moja ilikubali, basi kila tovuti ikaniambia si salama. Nimeanza kufikiri mashine ina virusi.
*Mwalimu, Usa River*

Mwalimu, hapo una matatizo matatu yaliyosimama mstari mmoja, na hakuna kinachoonyesha virusi.

Tundu la bluu ni USB 3.0. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya matundu hayo. Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo ya kwanza kuja nayo. Kama hukuweka draiva ya mtengenezaji wa ubao mama, tundu la bluu litachaji tu. Baki na jeusi: USB 2.0 ina mwendo wa megabiti 480 kwa sekunde, na mtandao wa simu hautaujaza.

Code 10 maana yake draiva imewekwa ila kifaa kimeshindwa kuanza kazi nayo. Windows 7 inaweza kuwa na draiva za RNDIS zaidi ya moja, na si kila simu inapatana na kila moja. Fuata hatua za hapo juu, lakini safari hii chagua ile usiyonayo: kama sasa pameandikwa "USB RNDIS6 Adapter", weka "Remote NDIS based Internet Sharing Device" iliyo chini ya Microsoft Corporation; kama ni hiyo, weka ile ya RNDIS6. Kisha chomoa simu, washa kompyuta upya, chomeka tena. Usiruke kuwasha upya.

La tovuti kukataa, tazama saa chini kulia ya kioo. Tunakisia tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2010 itakiona cheti kuwa hakijaanza. Rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka. Ikirudi nyuma tena baada ya umeme kukatika, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama imekufa. Inaitwa CR2032, ya volti 3, na hupatikana kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme, fungua CPU, bonyeza kibanio cha pembeni betri iruke, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha panga tarehe.

Tunakusihi jambo moja ukishapata intaneti. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huo. Kuandika mitihani na kusoma ni sawa. Usiingie humo kwenye akaunti ya benki.

Ofisi yetu ya kupeleka wageni mbugani iko Kijenge. Kompyuta ya mapokezi imeungwa kwa waya wa mtandao na printa na kompyuta nyingine mbili, lakini waya huo hauna intaneti. Nikiwasha intaneti ya simu kwa USB, printa inafanya kazi, kurasa hazifunguki. Nikichomoa waya wa ofisi, kurasa zinafunguka, printa inakufa. Draiva iko sawa, nimehakikisha.
*Karani, Kijenge, Arusha*

Umepima vizuri, na kipimo hicho kinatuonyesha mlango. Kompyuta yako ina njia mbili za kutoka, na imechagua ile isiyofika popote. Windows huipa kila kadi alama, na yenye alama ndogo ndiyo hupewa kipaumbele. Kadi yenye kasi kubwa hupata alama ndogo, na kadi ya waya wa ofisi huenda inajitangaza kwa gigabiti moja. Inashinda kwa kasi ya karatasi.

Wengi wangekuambia ubadilishe alama ya kadi ya simu. Sisi tunakushauri uiguse kadi ya ofisi, kwa sababu simu nyingi hubuni anwani mpya ya kadi zinapowashwa upya. Windows huiona kama kadi ngeni, "Ethernet 3", "Ethernet 4", na mipangilio yako ya jana inabaki kwa kadi isiyokuwepo.

Fungua ncpa.cpl, bofya kulia juu ya kadi ya ofisi, Properties, kisha "Internet Protocol Version 4", Properties. Chagua "Use the following IP address". Andika anwani isiyotumiwa na mashine nyingine. Kama printa ni 192.168.1.50, wewe unaweza kuwa 192.168.1.20. Subnet mask ni 255.255.255.0. Sehemu ya "Default gateway" iache tupu kabisa, na DNS nayo iache tupu. Hapo ndipo ufumbuzi ulipo: kadi isiyo na gateway inajua majirani zake tu, haidai kuwa njia ya kwenda duniani. Printa itaendelea kupatikana, na kila kitu kingine kitapita kwenye simu.

Kama kwenye ofisi yenu kuna kisanduku kinachogawa anwani chenyewe, chagua namba iliyo nje ya zile kinazogawa, zisije zikagongana.

Nilinunua bando la GB 5 jioni ili binti yangu afanye kazi ya shule kwa kompyuta. Aliandika kurasa mbili, akalala, simu ikabaki imechomekwa. Asubuhi bando hakuna. Nimemgombeza bure au ana makosa?
*Mzazi, Njiro, Arusha*

Mama, umemgombeza bure. Kwa Windows, simu iliyochomekwa kwa USB ni waya wa Ethernet, na Windows huchukulia waya wa Ethernet kuwa intaneti isiyo na kipimo. Kwa hiyo ilipoona kompyuta imetulia ilianza kushusha masasisho. Sasisho kubwa moja la Windows linaweza kupita GB 3 peke yake.

Kwenye Windows 10, tetharingi ikiwa imewashwa, nenda Settings, Network & Internet, Ethernet, bofya jina la mtandao, washa "Set as metered connection". Kisha ingia Delivery Optimization, ndani ya mipangilio ya masasisho, uzime "Allow downloads from other PCs". Kama mna OneDrive, bofya alama ya wingu, chagua kusitisha. Kwa sababu ya kile tulichomweleza karani wa Kijenge kuhusu kadi ngeni, mpangilio wa metered unaweza kupotea simu ikijitambulisha upya. Mzoee kuutazama kila mnapounganisha.

Ulinzi usiopotea uko kwenye simu. Ndani ya matumizi ya data, Android hukuruhusu kuweka kikomo. Kikomo huhesabu data yote tangu mzunguko wa matumizi uanze, kwa hiyo kiweke GB 1 juu ya kiasi kilichokwishatumika; ikifika inakata. Na binti akimaliza, azime tetharingi kabla ya kulala, simu ikitaka kuchaji iendelee kuchaji.

Naomba msaada. Simu ikiwa imeungwa kwenye CPU, kioo cha simu kinajibonyeza chenyewe, herufi zinajiandika, na swichi ya tethering inajizima. Nikigusa CPU kwa nyuma, mkono unasisimka. Nikichomoa simu, inapona.
*Mama wa duka la dawa za mifugo, Himo*

Mama, tunaomba jibu hili ulisome kabla hujaiwasha tena mashine. Simu yako ni nzima na draiva haihusiki. CPU yako haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini.

Ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta kuna vijisehemu vinavyochuja kelele za umeme, vilivyoungwa kati ya nyaya za umeme na bati la CPU. Kazi yao ni kuipeleka kelele hiyo ardhini kwa waya wa ethi. Ethi ikikosekana, bati lote linabaki na karibu nusu ya volti 230 za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unasikia msisimko badala ya kurushwa. Umeme huo unapita kwenye ganda la waya wa USB na kuingia kwenye simu. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo ya umeme, sasa umeme huo unapoyumba, kinadhani vidole vimekigusa.

Tazama plagi ya CPU. Mashine zilizotumika Ulaya mara nyingi huja na plagi ya duara yenye pini mbili nene, ambayo ethi yake ni mabati ya pembeni. Soketi zetu zina matundu matatu ya bapa. Watu hutia kalamu kwenye tundu la juu ili lifunguke, kisha husukuma pini mbili. Inawaka, lakini yale mabati ya pembeni hayagusi chochote. Nunua waya wa CPU wenye plagi ya pini tatu bapa, wenye fyuzi ya ampea 5. Ekstensheni nayo iwe ya nyaya tatu. Zipo zenye matundu matatu ambazo ndani zina nyaya mbili.

Ukishabadilisha vyote na mkono bado unasisimka, soketi ya ukutani ndiyo isiyo na ethi, au chuma cha ethi nje ya jengo kimekatika. Mwite fundi umeme aipime. Na ikiwa CPU siku yoyote itakurusha badala ya kukusisimua, usiguse bati. Zima ukutani, chomoa, isitumike mpaka ikaguliwe.

Intaneti inakuja vizuri, baada ya dakika kumi au kumi na tano inakatika. Nikichomoa na kuchomeka inarudi.
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Kukatika kwa kipimo kinachofanana hivyo mara nyingi ni Windows inayozima tundu ili kuokoa umeme. Fungua Control Panel, Power Options, "Change plan settings", kisha ya advanced. Chini ya "USB settings" weka "USB selective suspend setting" iwe Disabled. Halafu kwenye Device Manager, chini ya Universal Serial Bus controllers, fungua kila "USB Root Hub", kichupo cha Power Management, uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power".

Ikiendelea, shika simu yako ilipokatika. Ikiwa ya moto, ndiyo yenyewe. Kutafuta mnara dhaifu, kupitisha data na kuchaji kwa pamoja huichosha, na ikipata joto sana hujizuia. Mwezi wa Februari huko Moshi usiiweke dirishani juani kwa ajili ya kutafuta mawimbi. Ivue kava, iweke juu ya vigae au meza tupu. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, kwa hiyo ukiona chaji inashuka taratibu wakati unatumia, si hitilafu.

Nina iPhone. Hatua za Remote NDIS hazinifai, haionekani popote.
*Mwanafunzi wa chuo, Moshi*

Haitaonekana, kwa kuwa iPhone haitumii RNDIS. Inahitaji draiva ya Apple, ambayo huja na iTunes au programu ya Apple Devices. Bila intaneti, ishushe kwenye kompyuta ya mwenzako, uibebe kwa flashi. Chukua iTunes ya kutoka tovuti ya Apple, yenye faili moja la kusakinisha, kwa sababu ile ya duka la Microsoft inataka mtandao wakati wa kusakinisha. Kisha washa Personal Hotspot, chomeka, fungua kioo cha simu na ukubali "Trust". Ukikosea ukakataa, chomoa, chomeka, itauliza tena. Kadi itakayotokea inaitwa "Apple Mobile Device Ethernet", na anwani yako itaanza na 172.20.10.

Kama kadi haitokei, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Apple Mobile Device Service", uianzishe upya huku simu imechomolewa.

Natumia Ubuntu. Je, nami natafuta draiva?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Hapana. Ubuntu ni aina ya Linux, na kwa Android draiva imo kwenye kiini cha Linux, inaitwa rndis_host. Chomeka, washa tetharingi, andika ip link kwenye terminali. Ukiona usb0 au jina linaloanza na enx, imepokelewa. Usipoona kitu, andika sudo dmesg mara tu baada ya kuchomeka. Kama hakuna mstari mpya hata mmoja uliotaja USB, badilisha waya.